SOMO LA VIKUNDI: Hadithi Nayo Ni Mzunguko



Siku hizi si ajabu kumwona mama au kijana akiandika hadithi kwa simu, akiituma kipande kwa kipande kwenye kikundi cha WhatsApp au Facebook. Watu wanaungoja mwendelezo kama vile tulivyokuwa tukingoja mchezo wa redio. Kuna wanaoona huo ni mchezo tu wa kumaliza bando. Sisi hatuoni hivyo. Lakini tunaona vikundi vya namna hii vinaweza kuanza kwa moto na kuzimika upesi. Kwa hiyo katika somo hili tunauliza: kikundi cha watu wanaoandikiana hadithi kinasimama kwa nguvu gani?

Jibu mnalo tayari, kwa sababu mzunguko mnaujua. Watu kumi wakitoa shilingi 200 kila wiki, kila mmoja anapata shilingi 2,000 zamu yake ikifika. Mzunguko hauuawi na umaskini. Unauawa na yule anayepokea zamu yake halafu haonekani tena.

Kikundi cha hadithi ni vivyo hivyo, ila mchango wake si pesa. Mchango ni kusoma. Anayetuma hadithi yake kila siku na hasomi hata moja ya mwenzake, huyo anakula zamu za watu.

1. KWA NINI TUANDIKE?

Wengine husema, "Sisi hatukusoma sana, tutaandika nini?" Hebu tuangalie hapa kwetu. Ulaya wengi walilisikia jina la Thika kwa kitabu cha Elspeth Huxley, The Flame Trees of Thika, kilichotolewa mwaka 1959. Mwaka 1981 kilifanywa mchezo wa televisheni. Mwandishi alieleza utoto wake katika shamba la wazazi wake walowezi. Ni kitabu kizuri, lakini ni Thika iliyotazamwa kutoka baraza la mlowezi. Yule aliyechimba mashimo ya kahawa alikuwa na hadithi yake pia. Yake ilibaki jikoni, ikasimuliwa kwa wajukuu, na mara nyingi ikaishia hapo.

Na bado zinapotea. Mashamba mengi ya kahawa ya Ruiru yamekuwa ploti na nyumba za kupangisha. Wanaokumbuka kuamka alfajiri kwenda kuchuma kahawa, na kungoja mstarini debe lipimwe, wanazeeka. Mtoto wa leo anajua hapo ni steji ya matatu tu. Nani atamwambia kulikuwa nini?

2. MAJIRANI ZETU WA LIMURU

Tusidhani kutunga kwa pamoja ni jambo la kizungu au la watu wa chuo. Hapa hapa Kiambu, katika kijiji cha Kamirithu karibu na Limuru, wanakijiji walikuwa na kituo chao cha elimu na utamaduni. Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliandika mchezo kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda. Kisha waliuleta mbele ya wakulima na wafanyakazi. Na wale hawakukaa kimya wakipiga makofi. Walirekebisha lugha. Waliongeza mambo ya maisha ya kiwandani na shambani ambayo mwenye kalamu hakuyajua. Mazoezi yalifanywa hadharani, na kila mpita njia aliweza kusimama na kusema, "Hapana, haikuwa hivyo."

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walifurika. Katikati ya Novemba mwaka huo serikali iliuondolea kibali, na mwisho wa mwaka Ngugi wa Thiong'o aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Alikaa karibu mwaka mzima. Akiwa gereza la Kamiti, si mbali na Ruiru, aliandika riwaya kwenye karatasi ya chooni. Riwaya hiyo, Caitaani Mutharaba-ini, ilitoka mwaka 1980, na watu waliisoma kwa sauti majumbani, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza. Ngugi alifariki mwaka 2025, lakini funzo la Kamirithu limebaki: msikilizaji wa kweli naye ni fundi wa hadithi.

Intaneti imeongeza tu urefu wa mkono. Mwaka 2002 Binyavanga Wainaina alishinda Tuzo ya Caine kwa hadithi iliyotokea kwanza kwenye intaneti, wala si kitabuni. Mwaka uliofuata yeye na wenzake walianzisha jarida la Kwani? huko Nairobi. Na mwaka 2016 kundi la waandishi vijana wa Afrika liitwalo Jalada lilitoa hadithi moja ya Ngugi katika lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwemo. Kazi hiyo ilifanywa na watu walio nchi mbalimbali. Hawakuhitaji kukaa chumba kimoja. Walihitaji kila mtu atoe mchango wake kwa zamu.

3. NAMNA YA KUMSOMA MWENZAKO

Hapa ndipo kwenye kazi. "Hongera dada, tamu sana, leta nyingine" ni maneno mazuri, lakini hayamfundishi mtu. "Hii ni takataka" nayo inamvunja, na kesho haandiki tena. Tufuate hatua nne:

(a) Mwambie ulichoelewa. Akiona umeelewa vingine, atajua mwenyewe pa kutengeneza.
(b) Mwonyeshe mahali palipokushika. Taja sentensi yenyewe.
(c) Mwulize pale ulipopotea. "Huyu mzee alitoka wapi?"
(d) Mpe pendekezo moja tu, si kumi.

Tuzungumze juu ya hadithi, tusimzungumzie mtu. Naye mwenye hadithi anyamaze mpaka wenzake wamalize. Akianza kujitetea mapema hatasikia.

Tuchukue mfano. Tuseme mwenzetu ameandika: "Mama Njeri alikuwa maskini sana na alihuzunika." Tumeelewa, lakini hatujamwona Mama Njeri. Mwulize, "Ulijuaje kwamba ni maskini? Ulimwona akifanya nini?" Labda atarudi na haya: "Mama Njeri alichemsha chai, akawamiminia watoto watatu. Yeye alishika kikombe kitupu, akawa anakipuliza kama wao." Sasa neno umaskini halipo, na umaskini wenyewe tumeuona. Kilicholeta sentensi hiyo ni swali moja la msomaji mwema.

Asiyejua kuandika asiachwe nje. Asimulie kwa sauti, hata kwa kurekodi kwenye simu, na kijana mmoja aandike. Halafu asomewe maneno yake ayakubali. Nyanya zetu walikuwa na hadithi kabla ya sisi kuwa na kalamu.

4. MAMBO YA KUCHUNGA

Hadithi si kiboko. Usimwandike jirani yako aliyekukosea ukabadilisha jina tu, kila mtu amtambue kwa duka lake na gari lake. Hiyo ni kumsema mtu hadharani, na inaweza kuwafikisha kortini. Badilisha kazi, mtaa na umri, au subiri mpaka hasira iishe.

Kitu cha kikundi kikae kikundini. Hadithi ya mwenzako usiitume kwingine bila ruhusa yake. Katika sheria ya Kenya ya Hakimiliki ya mwaka 2001, aliyetunga anakuwa na haki mara anapoandika au kurekodi kazi yake, hata kabla ya kuiandikisha popote. Haki hiyo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Akitaka ushahidi zaidi, anaweza kuiandikisha kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Lakini hata daftari lenye tarehe linasaidia. Na mtu akiwaambia mtume pesa kwanza ndipo awachapishie kitabu, msitume. Mleteni habari kwenye kikundi, mjadiliane.

La mwisho ndilo zito kuliko yote. Hadithi nyingine ni kilio. Mwanakikundi anaweza kuandika juu ya "rafiki yangu" anayepigwa nyumbani, au mtoto anayeogopa kuachwa na mjomba fulani. Huenda ametunga kweli. Huenda pia hakuna mlango mwingine aliouona. Msimhoji mbele ya watu, wala msianze kumrekebishia herufi. Mtu mmoja anayeaminika amfuate pembeni na kumwuliza tu, "Wewe mwenyewe uko salama?" Nambari 1195 inasaidia waliodhulumiwa nyumbani au kingono, na 116 ni ya watoto. Zote hupigwa bila malipo. Kikundi kinachosoma kwa makini kinaweza kuokoa mtu. Kikundi kinachosema "tamu sana" kwa kila kitu kitapita bila kuona.

5. KAZI YA KIKUNDI

Chagueni watu watano hadi kumi. Wekeni siku moja ya wiki. Kila wiki hadithi mbili tu, zisizozidi kurasa mbili za daftari. Kabla ya kuleta yako, uwe umesoma na kujibu tatu za wenzako. Katibu aandike kwenye kitabu nani ametoa mchango wa kusoma, kama vile mwekahazina anavyoandika pesa. Baada ya miezi mitatu, someni hadithi moja mbele ya mkutano mkubwa.

Maswali ya kujadiliana:

1. Katika kikundi chetu, ni nani husikilizwa kila mara, na ni nani hajawahi kuulizwa hadithi yake?
2. Ni kazi gani iliyofanywa sana hapa Thika au Ruiru ambayo watoto wetu hawaijui? Nani bado yu hai wa kuisimulia?
3. Mkumbuke mtu mmoja aliyewahi kukurekebisha ukafurahi. Alisemaje?
4. Tutafanya nini mwanakikundi akileta hadithi inayoonekana kuwa kilio chake mwenyewe? Amueni sasa ni nani atakayemfuata.

Jibuni swali la nne kabla ya kuandika hadithi ya kwanza. Mengine yanaweza kungoja wiki ijayo.