Utabiri Mmoja, Mada za Mwezi Mzima: Vidokezo 7 kwa Waandishi na Watangazaji wa Kalemie

Kipindi kinakaribia na daftari la mada bado jeupe? Usihangaike, ndugu yangu. Duniani kuna watu ambao kazi yao ni kutabiri: bei ya mafuta, mvua za msimu, madini, reli, samaki. Benki ya Dunia peke yake hutoa makadirio ya bei za bidhaa kila Aprili na kila Oktoba. Ni makaratasi marefu, kwa lugha ngumu, na Kalemie haitajwi humo. Basi hapo ndipo wewe unapoingia!

1. Anza na Lukuga, hazina iko mlangoni

Utabiri mtamu kuliko wote umetokea hapa hapa kwetu. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika mto Lukuga akasema: maji ya ziwa Tanganyika yanatoka kupitia hapa. Mwaka 1876 akaja Henry Morton Stanley, akakuta mto umezibwa na matope na mafunjo, maji hayaendi kokote. Ila aliona ziwa linapanda, akasema miaka si mingi litakivunja kizuizi hicho na kumwagika magharibi. Mwaka 1879 mmisionari Edward Hore akafika, na Lukuga ilikuwa inakwenda kwa nguvu!

Tazama muundo wake: nani alisema, kwa sababu gani, na lini tulijua kama ni kweli. Sehemu tatu tu, na makala imekamilika. Sasa ulete hadi leo. Mwaka 2024 ziwa lilipanda tena, likaingia majumbani Kalemie, Uvira na Bujumbura, na njia ya kutokea ni ile ile moja, Lukuga. Uliza hewani, "Msimu ujao maji yatafika wapi?" uone kama kuna mtu wa kando ya ziwa atakayezima redio.

2. Fuata noti mpaka jikoni

"Bei ya mafuta ghafi inatarajiwa kupanda." Habari hiyo ikisomwa hivyo hivyo, msikilizaji ameshalala. Wewe ifuate hatua kwa hatua: mafuta yakipanda, petroli ya injini ya boti inapanda, petroli ikipanda, mvuvi anapunguza safari au anaongeza bei, ndakala wanapungua sokoni, mama anayepanga mafungu yake anayapunguza ukubwa badala ya kupandisha bei, maana wateja wake wana faranga zile zile. Umeona? Sentensi moja ya Benki ya Dunia imekupa mada nne: ya boti, ya mvuvi, ya soko, ya sufuria. Zigawe kwa wiki nne na mwezi umekwisha.

3. Tabiri mwenyewe kwa kutazama mwezi

Hiki ndicho kidokezo cha haraka kuliko vyote, na hakihitaji intaneti. Wavuvi wetu huwavuta ndakala kwa taa usiku, zamani karabai, siku hizi taa za betri na za sola. Usiku wa giza taa inashinda. Mbalamwezi ikiwaka, mwanga wa taa unapotea ndani ya mwanga wa mwezi, samaki hawakusanyiki, na mitego mingi inapumzika. Basi siku chache kabla ya mwezi mpevu tangaza: "Jamani, wiki hii ndakala watapungua, anayetaka kukausha anunue sasa." Kisha nenda sokoni ukapime maneno yako. Ukipatia mara mbili tatu, watu wataanza kukungoja.

Ukitaka utabiri mrefu zaidi, upo. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly waliandika katika jarida la Nature kwamba ziwa linapata joto, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, na hivyo virutubisho vya kilindini haviwafikii samaki wa juu. Chukua maelezo hayo umpelekee mzee aliyevua tangu ujana wake. Mwache aseme, wewe rekodi.

4. Chungulia ng'ambo

Kigoma ikipiga chafya, soko letu linasikia. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mwaka huo huo treni za reli mpya ya kisasa zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na ujenzi unaelekezwa mpaka Kigoma. Ikifika, bidhaa gani zitashuka bei bandarini kwetu? Zipi zitaondoka? Reli ya zamani iliwahi kutikisa mambo hivyo hivyo: ilifika Kigoma 1914, na ya kwetu kutoka Kabalo ikafika Kalemie mwaka uliofuata. Hapo una kipindi cha wazee na kipindi cha wafanyabiashara kwa mpigo.

5. Usitupe utabiri ulioanguka

Mwaka 2022 bei ya lithiamu ilipaa duniani, na kila mtu akaitazama Manono, penye lithiamu hapa hapa mkoani. Mwaka 2023 bei ikaporomoka. Rudi kwenye ahadi zilizotolewa wakati bei iko juu, kwa heshima, uulize nini kilibadilika. Vijana waliokuwa wanapanga maisha yao kwa bei ile wanastahili maelezo.

6. Uliza swali lenye siku ndani yake

"Unaonaje hali ya biashara?" itakuletea "tunamshukuru Mungu" na basi. Jaribu hivi: "Mama, ukiamini mvua itachelewa, Jumamosi utanunua mihogo mingapi?" Hapo atasimama, atahesabu, atakuambia alichofanya mwaka uliopita mvua ilipochelewa, na pengine jirani yake wa meza ya pili atampinga. Mabishano hayo ndiyo kipindi chako. Watu watatu wanatosha: mvuvi, mchuuzi, na baharia wa boti.

7. Andika tarehe, na ulinde neno "huenda"

Tenga ukurasa mmoja wa daftari wenye mistari minne: nani ametabiri, amesema nini, kwa lini, nimeupata wapi. Siku ikifika rudi hewani useme ilikuwaje, iwe kweli au la.

Na hapa nakuomba kwa dhati: utabiri wa maji na mvua usiuongezee chumvi. Familia inayoishi karibu na ufuo ikisikia "ziwa litakuja", inaweza kubeba watoto na godoro usiku huo huo. Taja chanzo chako, kiwe Mettelsat, shirika la hali ya hewa la nchi yetu, au kingine. Sema "huenda" panapostahili "huenda", na kila mara malizia na jambo ambalo mtu anaweza kulifanya: kupandisha magunia juu ya mbao, kufunga hati za nyumba kwenye mfuko wa plastiki, kukubaliana mapema na ndugu wa mlimani atakayewapokea.