Yesu na Yezu: kutembea vilima vitatu vya Kampala ukiwa na daftari

Katika kadi nilizokusanya Bukavu kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho wa masomo, baadhi ya wasemaji walinipa Yezu, wengine Yesu. Nilichukua kalamu nyekundu nikazisahihisha zote ziwe Yesu. Nilidhani ni suala la tahajia tu, la watu waliosoma kidogo na waliosoma zaidi. Kosa hilo sikuonyeshwa darasani. Nililiona Kampala, likizo kubwa, nilipokwenda kumtembelea mama mdogo anayeishi Katwe, nikaamua kupanda vilima vya dini vya mji ule kwa miguu, bila mwongozaji. Naandika hapa jinsi nilivyotembea, ili mwenzangu wa idara atakayefika kule aweze kufanya hivyohivyo, na asirudie kosa langu.

Kampala imekaa juu ya vilima kama Bukavu yetu, ila kule kila dini ilijichagulia kilima chake. Vitatu vinafuatana upande wa magharibi wa katikati ya mji: Old Kampala wenye msikiti, Namirembe wenye kanisa kuu la Waanglikana, Rubaga wenye kanisa kuu la Wakatoliki. Siku moja inatosha. Mimi nilitembea Jumamosi ili nisome maandishi, kisha nikarudi Jumapili ili nisikie maneno, na kwa mwanafunzi wa lugha ninashauri siku hizo mbili.

Anza Old Kampala, asubuhi, lakini si Ijumaa. Unalipa kiingilio, unavua viatu, na dada zetu wanapewa kitambaa cha kujifunika. Msikiti ulianzishwa wakati wa Idi Amin, mwaka 1972, ukasimama miaka mingi bila kumalizika, hadi Libya ya Gaddafi ilipougharamia na ukafunguliwa rasmi mwaka 2008. Mwongozaji wa pale alituambia kwamba mbao zake zimetoka Kongo. Nilisimama nikazishika kama mtu aliyekutana na jirani ugenini. Kisha panda mnara. Ngazi zinazidi 300 na magoti yatakukumbusha, lakini ukifika juu unaiona safari yako yote: magharibi, Namirembe na kuba lake, nyuma yake minara miwili ya Rubaga, ukigeukia kusini-mashariki, msikiti mweupe wa Kibuli juu ya kilima chake.

Andika neno la kwanza: kwa Luganda msikiti ni "omuzikiti". Ni neno letu, limevaa tu kiambishi cha kule. Uislamu ulifika katika ikulu ya Buganda mwaka 1844, wakati wa Kabaka Suna II, ukiletwa na wafanyabiashara kutoka pwani, na lugha ya pwani ikaja nayo. Mlango ulikuwa mmoja, kwa hiyo neno ni moja. Sikumpata mtu yeyote aliyeniambia neno jingine la msikiti.

Ukristo haukuwa hivyo. Mafundisho yake ya kwanza katika ikulu nayo yalipita katika Kiswahili. Stanley alipofika mwaka 1875, aliyebaki kumfundisha Mutesa I alikuwa Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na wamisionari Zanzibar. Lakini baada yake milango ilikuwa miwili: Waanglikana wa CMS mwaka 1877, na Mapadri Weupe mwaka 1879. Hawakukubaliana hata juu ya jina la nyumba ya kusalia.

Shuka hadi Bakuli, kisha upande Namirembe. Jina la kilima linatokana na "mirembe", amani. Kanisa la sasa, la matofali mekundu, lilijengwa kuanzia 1915 hadi 1919. Yaliyolitangulia hayakudumu: moja liliangushwa na dhoruba mwaka 1894, jingine liliungua kwa radi mwaka 1910, paa lake likiwa la nyasi. Nje kuna makaburi. Yupo Askofu Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885, na yupo Albert Cook, daktari aliyeanzisha hospitali ya Mengo hapo chini mwaka 1897. Usipite haraka. Makaburi, mawe ya msingi na mbao za matangazo ni maandishi yenye tarehe, na sisi tunayalilia maandishi yenye tarehe kila siku maktabani.

Mlangoni nilimsalimu mzee mmoja kwa Kiswahili. Akanijibu kwa Kiingereza. Nikarudia kwa Kiswahili, akacheka: "Kiswahili ni cha askari, kijana." Wengi Uganda bado wanakisikia hivyo, kama lugha ya jeshi na ya vizuizi vya barabarani. Nilimwuliza, basi nyumba hii mnaiitaje? "Ekkanisa," akasema. Sikumwambia kitu.

Kwa mzee huyo Mungu Baba ni "Kitaffe", yaani Baba yetu, Roho ni "Omutukuvu", askofu ni "omulabirizi", yaani mwangalizi, na Mwana ni "Yesu".

Kutoka Namirembe teremka Mengo, mji mkuu wa Kabaka. Utapita Bulange, nyumba ya bunge la Buganda, na njia iliyonyooka inayokwenda kwenye ikulu. Kwa ujenzi wa dini hapa hakuna mengi, lakini usimame kidogo. Tarehe 24 Januari 1892 ndipo walipopigana Wakristo kwa Wakristo. Vyama viliitwa "Bangereza" na "Bafransa", ingawa wapiganaji wenyewe walikuwa Waganda. Kapteni Lugard, aliyekuwa na ngome yake Old Kampala, aliwasaidia wa kwanza kwa bunduki na bombomu, na kanisa la Rubaga likachomwa. Ndiyo maana mwaka 1895 waliitwa mapadri wa Mill Hill, Wakatoliki kutoka Uingereza, wakapewa kilima cha Nsambya: ili watu waone kwamba mtu anaweza kuwa Mkatoliki bila kuwa "Mfransa". Hili lilinishtua kidogo. Jina la nchi ya mbali lilikuwa limegeuka jina la dini, na watu walikufa chini yake.

Kabla hujapanda Rubaga, tazama vibao vya barabarani. Vingine vinaandika Rubaga, vingine Lubaga. Kwa Luganda l na r ni fonimu moja. R hutokea baada ya e na i tu, kwa hiyo tahajia sanifu, iliyokubaliwa katika mkutano wa mwaka 1947, inataka Lubaga. Rubaga imebaki kwenye karatasi za Kiingereza. Kabla ya mkutano huo Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wakiandika Luganda kwa namna zao, kila upande na mashine yake ya chapa.

Kanisa kuu la Rubaga lilijengwa kuanzia 1914, likabarikiwa mwishoni mwa 1925. Nalo ni la matofali mekundu. Kwa mbali unaweza kudhani mafundi ni walewale, mpaka uone minara miwili mahali pa kuba. Ndani amezikwa Joseph Kiwanuka, aliyewekwa askofu mwaka 1939, mmoja wa Waafrika wa kwanza wa nyakati hizi kufikia daraja hilo katika Kanisa Katoliki la Roma.

Jumapili nilikaa benchi la nyuma, daftari juu ya goti. Jengo ni "Eklezia". Baba ni "Patri", Kilatini kitupu. Roho ni "Mutuukirivu". Mwanzoni nilidhani nimesikia lile neno la Namirembe, limetamkwa vibaya. Kisha nikahesabu urefu wa irabu. "Mutukuvu" ina u fupi, inatoka kwenye kutakata, kuwa safi. "Mutuukirivu" ina u ndefu, inatoka kwenye kutimia, kuwa mkamilifu. Ni vitenzi viwili tofauti, na kila kilima kilichagua chake. Nilipouliza juu ya "omusumba" niliandika "mchungaji wa parokia", hadi bibi mmoja aliyekuwa pembeni yangu akanishika mkono: "Hapana, mwana wange, huyo ni mkubwa." Kwa Wakatoliki omusumba ni askofu, kwa Waanglikana ni mchungaji wa kawaida. Nilikuwa nimemshusha askofu cheo katika mstari mmoja.

Na Mwana ni "Yezu".

Nilifunga daftari. Z ile niliijua. Ndiyo ya mama mdogo, ndiyo ya nyimbo za misa za utoto wangu Bukavu. Msafara wa Mapadri Weupe wa mwaka 1878 ulipanda pamoja kutoka pwani hadi Tabora, ukagawanyika: kundi moja likaenda Buganda, jingine Tanganyika, na kutoka huko mapadri wakavuka ziwa kuja upande wetu, Mulweba, mwaka 1880. Kwa maoni yangu z hiyo ni Kifaransa chao, s ya katikati ya irabu mbili katika jina Jésus, iliyotembea katika njia zote mbili. Waprotestanti wa kwetu husema Yesu, kama mzee wa Namirembe. Zile kadi zangu hazikuwa na makosa ya tahajia. Zilikuwa na ramani, nami niliifuta.

Jambo moja tu nililiona likivuka mpaka: makanisa makuu yote mawili huitwa "lutikko", neno linalofanana sana na "entikko", kilele. Katika hilo jina lilitolewa na kilima chenyewe.

Jioni nilimsomea mama mdogo orodha yangu. Aliposikia kwamba nilibadilisha Yezu kuwa Yesu aliacha kuchambua mchicha. "Kwa hiyo mimi katika kazi yako ni Mprotestanti?" Nilimwambia ndiyo, kwa miezi minane sasa. Nimerudisha kadi 31 kama zilivyokuwa na kuongeza safu ya tatu: mahali msemaji anaposali. Kwa kadi 12 sikuuliza hilo wakati ule, na Jumamosi hii ninaanza kuwatafuta wenyewe, kwanza karibu na kanisa kuu la Notre-Dame de la Paix.