Somo: Uyoga Uotao Katika Vyungu vya Mboga

Mvua za masika zinapokolea, kati ya Machi na Mei, wakazi wengi wa Mikocheni wasio na uwanja wa kulima huotesha mchicha, figiri na pilipili katika vyungu, ndoo na viroba vilivyopangwa barazani. Ndipo asubuhi moja mtumiaji hukuta vikofia vya manjano au vyeupe vimechomoza kati ya mashina. Maswali matatu humjia, nalo somo hili linayajibu.

1. Je, mboga zangu zimeharibika?

La. Uyoga ni kwa kuvu kama embe lilivyo kwa mwembe: ni tunda tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba zilizojificha udongoni, zikiozesha samadi, maranda na pumba za mpunga. Kuvu wa namna hii hula vitu vilivyokufa, si mizizi iliyo hai, na kazi yao huurudishia udongo rutuba. Mboga zaweza kuliwa, mradi zichambuliwe kwa makini pasibaki kipande cha uyoga, kisha zioshwe kwa maji safi.

2. Je, nimeuziwa udongo mbovu?

Si lazima. Vijimbegu vya kuvu hupeperushwa na upepo na huweza kutua katika chungu chochote. Uyoga peke yake si ushahidi wa udanganyifu wa muuza miche. Hata hivyo, udongo unaonuka samadi mbichi, au wenye joto unapotia mkono, haujaiva. Waweza kuunguza mizizi na kubeba vimelea vya maradhi ya tumbo. Kabla ya kulipa, uliza udongo umechanganywa na nini na samadi yake imeozeshwa kwa muda gani. Dai risiti.

3. Je, uyoga huu huliwa?

Usiule kamwe. Ule mdogo wa manjano, uitwao na wataalamu Leucocoprinus birnbaumii, huota vyunguni katika nchi nyingi na haufai kuliwa. Mwingine mkubwa mweupe, Chlorophyllum molybdites, huota kwenye nyasi za bustani. Upande wa chini wa kofia yake hugeuka kijani unapokomaa, na huleta matapishi na kuhara. Ukiwa mchanga, waweza kumhadaa hata aliyezoea kuchuma uyoga wa vichuguu kijijini kwao. Anayetaka kitoweo anunue uyoga mamama uliolimwa kwa ajili ya chakula.

Wapo wanaoamini kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, au kwamba sumu hufichuliwa na kijiko cha fedha. Vipimo hivyo havina ukweli. Aidha, sumu za baadhi ya uyoga haziondoki kwa kuchemshwa.

Hatua za kuchukua

Ung'oe uyoga mapema, kabla kofia haijafunguka, ukiwa umevaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi. Ufunge vizuri, uutupe kwenye pipa la taka, kisha unawe mikono kwa sabuni. Punguza kumwagilia, tifua udongo wa juu na uzibue matundu ya chini ya chungu. Usipulizie dawa ya ukungu: nyuzi zilizo chini hubaki, ilhali dawa husalia kwenye majani utakayoyala. Uyoga ukirudi, ung'oe tena. Vilivyomo udongoni vikiisha kuoza, nao utakoma.

Endapo mtu ameula

Watoto wadogo huvutiwa na rangi zake, hivyo weka vyungu mahali wasipofikia. Ikiwa mtu ameula, mpeleke hospitali mara moja, hata akionekana mzima. Dalili za sumu kali zaidi huweza kuchelewa saa 6 hadi 24, na wakati huo ini limekwisha kuanza kudhurika. Usimlazimishe kutapika. Chukua uyoga uliosalia, uuweke ndani ya karatasi na umwoneshe daktari.

Kumbuka: uyoga wa chunguni hauidhuru mboga, humdhuru anayeula.