Mjadala bila mwenye nyumba mmoja: maswali kuhusu Mastodon

Tangu X, zamani Twitter, ifungwe Tanzania, Mei 2025, naulizwa sana juu ya mitandao ya kijamii isiyo na mmiliki mmoja. Mimi na wenzangu wawili tunaendesha seva ndogo ya Mastodon, mwaka wa nne huu. Nimekusanya hapa maswali yanayorudi mara kwa mara.

Mastodon ni ya nani?

Mastodon ni programu kabla ya kuwa mtandao. Iliandikwa na Eugen Rochko, kijana wa Ujerumani, akaitoa hadharani mwaka 2016. Yeyote mwenye seva anaruhusiwa kuipakua na kufungua mtandao wake wenye kanuni zake. Seva hizo, na ziko maelfu, huongea kwa itifaki moja iitwayo ActivityPub, iliyoidhinishwa na shirika la viwango vya wavuti, W3C, Januari 2018. Mwenye laini ya Vodacom humpigia wa Airtel bila kubadili laini. Huku nako ni hivyo hivyo. Akaunti yako ikiwa kwetu unamfuata mtu aliye kwenye seva ya Berlin, na akikujibu unaliona jibu lake. X ni sawa na laini inayopiga kwa wateja wake tu.

Mimi si mtu wa kompyuta. Programu kuwa huria kunanisaidia nini?

Kunakupa haki ya kuuliza ndani mna nini. Mastodon imetolewa kwa leseni ya AGPL: ukiibadilisha ukawahudumia watu kupitia intaneti, lazima uwape msimbo wa programu ulioubadilisha. Oktoba 2021, mtandao wa Donald Trump, Truth Social, ulipoonekana kwa mara ya kwanza, watu waliochungulia kurasa zake za majaribio waliitambua Mastodon mle ndani, na haikutajwa popote. Shirika la Software Freedom Conservancy likadai msimbo, Mastodon wenyewe wakaandika barua rasmi, na mwezi uliofuata msimbo ukawekwa wazi. Kampuni ya Trump, wakati huo rais mstaafu, ilibanwa na leseni ya programu ya bure.

Lakini leseni haichagui mtu. Mwaka 2019 Gab, mtandao uliojaa wabaguzi wa rangi, ulihamia kwenye programu hiyo hiyo na hakuna aliyeweza kuuzuia. Kilichofanyika ni wasimamizi wengi, kila mmoja kwa uamuzi wake, kukata mawasiliano nao. Gab waliendelea kusema, ila hawakusikika kwa wasiotaka kuwasikia.

Watu wakianza kutukanana, nani anaamua?

Sisi, kwa mikono. Jioni moja wakati wa kampeni za uchaguzi ziliingia ripoti tatu ndani ya robo saa. Ya kwanza ilihusu mtu aliyeandika kwamba kabila fulani wafungashe virago warudi kwao. Tukafuta, tukamfungia. Ya pili ilitoka kwa mtu aliyekasirishwa na chapisho lililomwita waziri mzembe. Hiyo tuliiacha ilivyo, kwa sababu kiongozi wa umma kuitwa mzembe ni siasa ya kawaida kabisa. Ya tatu ndiyo ilitukalisha hadi usiku: akaunti ya seva nyingine ilikuwa ikibandika sentensi moja ile ile chini ya kila alichoandika mwandishi wa habari mwanamke. Matusi hayakuwamo, ila lengo lilikuwa kumchosha. Tulimwandikia msimamizi wa huko, hakujibu, tukaizuia seva nzima. Watu wawili wasio na hatia waliokuwa wakifuatana na rafiki zao wa kule wakawapoteza. Bado naamini tulifanya sawa, na bado linaniuma.

Jambo la kukumbuka: msimamizi ana uwezo mkubwa. Ujumbe wa faragha wa Mastodon haufichwi kwa usimbaji fiche; anayeendesha seva anaweza kuusoma. Siri za chama wala za familia usizipeleke huko.

Muundo wa programu unabadili ubishi wenyewe?

Sana, na hapa ndipo ninapopapenda. Kwenye Mastodon machapisho ya unaowafuata hupangwa kwa saa yalivyoandikwa, hakuna mashine inayokusogezea yaliyochoma watu roho. Kisha kuna suala la kunukuu. Kwenye X mtu hulichukua chapisho lako, huweka kejeli juu yake, na wafuasi wake hukuvamia. Rochko alikataa kwa miaka kuweka kitufe hicho kwa sababu hiyo. Wamarekani weusi waliohamia mwaka 2022 walilalamika, nami nawaunga mkono, kwamba kwao kunukuu ndiyo njia ya kuitikiana na kumjibu mwenye nguvu mbele za watu. Kitufe kilikuja mwaka 2025, na mwandishi ndiye anayeamua nani anaruhusiwa kumnukuu. Jambo hilo lilijadiliwa hadharani, watumiaji wakisoma hoja za waandishi wa programu na kuzijibu. Sijaona kampuni kubwa ikifanya hivyo.

Serikali haiwezi kuifunga?

Inaweza. Kila seva ina anwani, na anwani huzuiwa. Tofauti ni kwamba Uganda ilipoizima Facebook Januari 2021 amri moja ilitosha. Huku kila seva huzuiwa peke yake, na mpya hufunguliwa. Intaneti yote ikikatwa, kama Tanzania tarehe 29 Oktoba 2025, itifaki haikusaidii kitu.

Na wasimamizi mkichoka?

Utahama. Wafuasi wako watakufuata kwenye seva mpya, machapisho ya zamani yatabaki nyuma. Kuchoka kupo: alfajiri moja seva yetu ilizimika kwa sababu diski ilijaa picha zilizohifadhiwa kutoka seva nyingine, nami nikazifuta nikiwa ndani ya daladala, kwa simu.

Mbona basi siasa zetu haziko huko?

Kwa sababu wabunge, waandishi na wanaharakati hawako huko, na mjadala hufuata watu. Novemba 2019 Wahindi wengi walihamia Mastodon baada ya Twitter kumfungia wakili Sanjay Hegde. Elon Musk aliponunua Twitter Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, likaja wimbi kubwa zaidi. Mara zote mbili wengi walirudi. Taasisi zikihama, watu hubaki: Ujerumani asasi za serikali kuu zina seva yao. Natamani chuo kimoja cha uandishi wa habari kwetu kifungue ya kwake.

Nianzie wapi?

Soma kanuni za seva kabla ya kujiunga, na angalia nani anailipia. Kwetu majina yetu matatu yako ukurasa wa mbele, chini yake gharama ya mwezi na nani amechanga.