Picha za Ushauri wa Mzaha: Jinsi Zinavyozaana na Kubadilika

Mwanafunzi wa elimuviumbe hujifunza mapema kwamba viumbe huzaana, hutofautiana, na kwamba baadhi yao huacha kizazi kikubwa kuliko wenzao. Mwaka 1976 Richard Dawkins, mtaalamu wa wanyama wa Uingereza, aliuliza kama wimbo, msemo au mtindo wa mavazi haufuati mwendo huohuo, ukitoka akili moja kwenda nyingine kwa kuigwa. Katika kitabu chake The Selfish Gene alikiita kitu hicho kinachoigwa "meme", neno alilolifupisha kutoka Kigiriki. Siku hizi neno hilo karibu limekuwa mali ya picha za mzaha zinazopita katika intaneti. Miongoni mwazo, jamii moja yafaa sana kwa uchunguzi wetu: picha za ushauri.

Jamii hii ina mzee wake. Mwaka 2006 ilianza kusambaa picha ya kichwa cha mtoto wa mbwa, mwenye uso wa upole, kikiwa katikati ya miale ya rangi nyingi. Aliitwa Advice Dog, yaani Mbwa Mshauri. Juu ya kichwa huandikwa mstari mmoja, na chini mwingine. Wa juu huanza kama wosia wa mzee. Wa chini huuvunja. Kwa mfano: juu, "Mtihani ni kesho?", chini, "Lala leo, soma keshokutwa."

Tuchunguze kilichorithiwa na kilichobadilika. Mpango ulibaki: kichwa katikati, rangi nyuma, mistari miwili. Maneno yalibadilika kila siku. Msomaji aliyekulia Pwani ataikumbuka kanga, ambayo mpango wake wa pindo, mji na jina haubadiliki, ingawa kila jina lina maneno yake. Kisha mnyama mwenyewe akabadilika. Akaja mbwamwitu wa ushujaa, akaja mjusi wa kale mwenye kuwaza falsafa (2008), akaja pengwini asiyejua kukaa na watu (2009). Kila mnyama alishika tabia yake, hata mtazamaji akijua aina ya maneno kabla hajayasoma. Zilipopatikana programu za kujaza mistari hiyo miwili, ustadi wa kuchora haukuhitajika tena. Picha zikawa nyingi mno, na nyingi kati yake hazikunakiliwa na yeyote.

Hapa mwalimu hana budi kutahadharisha. Mbuzi hachagui badiliko la jeni zake, lakini mtu anayeibadilisha picha hukusudia kuchekesha. Mfano wa Dawkins ni taa ya kumulikia jambo, haufai kuchukuliwa kama sheria ya maumbile.

Lakini mzaha huu una sharti moja: msomaji aijue jamii ya picha. Rangi zile na mbwa yule ndio alama ya kwamba ushauri si wa kufuatwa. Itakuwaje alama ikiondolewa? Mwaka 2013 ilisambazwa picha iliyofanana kabisa na tangazo la kampuni ya Apple, ikidai kwamba programu mpya, iOS 7, huifanya simu isidhurike majini. Mwaka 2014 ikafuata nyingine, ikidai kwamba kwa iOS 8 simu yaweza kuchajiwa ndani ya jiko la maikrowevu. Polisi wa Los Angeles walitoa tahadhari kwa umma.

Mwanafunzi wa fizikia aweza kueleza hatari yenyewe. Mawimbi ya jiko hilo, yenye masafa ya takriban GHz 2.45, huzalisha mikondo ya umeme katika sehemu za metali za simu, cheche hutokea, na betri ya lithiamu ikipata joto kali yaweza kuwaka. Waliotunga walicheka kwa sababu walijua hayo. Aliyeipokea kwa jirani hakupewa dokezo lolote, na picha ilienea vizuri zaidi kadiri ilivyofanana na tangazo la kweli.

Zoezi kwa darasa. Mwanafunzi wa kwanza achore picha ya ushauri wa mzaha yenye mistari miwili. Wa pili aitazame kwa nusu dakika, aifunike, kisha aichore kutoka kumbukumbu. Wa tatu atazame nakala ya wa pili tu, na kuendelea hadi wa kumi. Nakala zote zipangwe ukutani kwa mfuatano. Ni alama gani iliyomwonyesha msomaji kwamba ushauri ule ni mzaha, na ilitoweka katika nakala ya ngapi?