Maana ya Dhambi kwa Majirani Zetu wa Kisumu

Ndugu zetu wa pwani wakaao Kisumu huulizwa na jirani, "Je, umeokoka?" Hujibu, "Mimi sikuiba wala sikuzini." Suala ni moja, na jibu ni la suala jingine.

Kwa Wakristo wengi dhambi si kitendo tu. Ni hali azaliwayo nayo mtu, iliyoingia kwa kosa la Adamu. Na hujenga haya juu ya waraka wa Paulo kwa Warumi. Mtu hawezi kujitoa humo mwenyewe, wasema, ila kwa damu ya Yesu.

Fundisho hili lilipata nguvu Nyanza mwishoni mwa miaka ya 1930, ulipofika uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, na Uganda. Waliookoka walisimama mbele ya watu wakazitaja dhambi zao, na aliyeiba akarudisha. Baadaye wakakhitilafiana: kukawa na Joremo, watu wa damu, na Johera, watu wa upendo. Hawa wa pili, wakiongozwa na Matthew Ajuoga, walijitenga na kanisa la Kianglikana mwaka wa 1957.

Kurudisha mali ya watu tusikubeze. Kwetu pia ni sharti la toba. Lakini Adamu, kwetu, alitubu akakubaliwa (Sura ya 2, aya ya 37), hakuturithisha deni. Na kosa alilokusitiria Mwenyezi Mungu hulitangazi barazani: watubu kwake, na mwenye haki yake wampa.