Kuku watatu kiota kimoja, vifaranga wanne

Barua za mwezi huu zimefanana hadi nikadhani zimetoka mkono mmoja. Titye, Heru Juu, mpaka upande wa Kibondo, kilio ni kile kile: kuku kaatamia wiki tatu, kaangua vifaranga wanne, mayai mengine yote viza. Kuna anayelaumu jogoo, kuna anayelaumu baridi ya Juni, na mmoja wa Titye anamshuku jirani yake kuwa na jicho baya. Jirani aachwe. Nenda ukaangalie kiota.

Utakachokuta huko ndicho ninachokikuta karibu kila banda. Kuku watatu wanataga mahali pamoja. Mmoja wao akishikwa na hamu ya kuatamia, anayalalia yote, la leo na la wiki mbili zilizopita. Kesho wenzake wanarudi pale pale, wanambana pembeni, wanaongeza ya kwao, na mwenye kuku anafurahi kwamba mayai yanazidi. Yai la kuku linataka siku 21 za joto. Ya mwanzo yakishapasuka, mama husubiri siku moja au mbili, kisha hutoka na watoto wake kwenda kuparua. Yaliyobaki yanapoa. Livunje moja uone: ndani kuna kifaranga mwenye manyoya. Halikuwa viza hilo, lilikosa siku tano tu.

Basi, kila kuku awe na kiota chake. Jioni okota mayai, acha moja ulilolitia alama ya mkaa ili kuku asihame. Uliyookota yaandike tarehe kwa penseli, usiyaoshe, yaweke mahali penye ubaridi ndani ya chungu cha mchanga mkavu au beseni la pumba, ncha nyembamba ikiangalia chini. Siku kumi hivi ni salama. Wiki mbili zikipita, yale. Kuku wa kwanza akitaka kulala, mpe mayai mawili ya kuchemsha ayashikilie wakati unawasubiri wenzake. Wakifika watatu au wanne, usiku mmoja wawekee wote mayai ya mbegu: 10 kwa kuku mdogo, 13 kwa mkubwa. Nawajua wanaoweka 18. Kwa usiku wa Juni na Julai huku milimani, mayai ya pembeni hayaponi. Siku ya saba yamulike kwa tochi gizani. Lisilo na mishipa litoe. Kuanzia siku ya 18 usiyaguse tena.

Faida yake wengi hawaioni mara moja. Vifaranga wakitoka pamoja, wakusanye usiku uwape kuku mmoja au wawili. Anayelea hukaa miezi miwili, hata mitatu, bila kutaga. Uliyemwondolea watoto hurudi kutaga baada ya wiki chache. Halafu kuna ugonjwa wa mdondo, ambao kiangazi ndiyo sikukuu yake. Ile chanjo inayotengenezwa Kibaha, inayostahimili joto kiasi, ni tone moja jichoni, na hurudiwa kila miezi mitatu. Chupa yake ni ya kuku wengi, na ikishafunguliwa haiwekwi hadi mwezi ujao. Mwenye vifaranga wanne leo na watatu wiki ijayo atawachanja lini? Mwenye 30 wa umri mmoja anachangiana chupa na majirani wawili, kazi inaisha asubuhi moja.

Sasa hawa wa njia ya mkato. Magulioni wapo wachuuzi wanaouza “mayai ya mbegu”. Muulize jogoo yuko wapi. Ya kwenye trei kwa kawaida ni ya kuku wa mayai wanaofugwa bila jogoo. Hata yakilaliwa mwaka mzima hayatoi kitu. Ya kienyeji nayo yameokotwa nyumba kwa nyumba na kurushwarushwa juu ya pikipiki, umri wake haujui hata mchuuzi mwenyewe. Na ni huyo huyo atakayekuja mdondo ukiingia, akutishe uuze wote kwa bei ya kutupa, awapeleke gulio la pili na ugonjwa wao. Kwa hiyo kuku wa kununua akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa.

Siku za kawaida mchuuzi hupenda mtetea mzito, aliyezoea kulea. Usimpe. Muuzie majogoo waliozidi.

Nafasi imeniishia na utitiri, ambao humtoa kuku kiotani kabla ya siku zake, sijaugusa. Nitauandikia toleo lijalo. Kwa sasa choma nyasi za zamani, weka mpya, na nyunyiza majivu kabla hujaweka yai hata moja.